Kadi ya grafiki iliyozimika baada ya kubadilishiwa kipozaji haijaungua mpaka ithibitike

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu makala mliyochapisha hivi karibuni kuhusu kadi za grafiki (sehemu ya kompyuta inayotengeneza picha za skrini) zinazozimika baada ya wenyewe kuzibadilishia mfumo wa kupoza. Mwandishi wenu alieleza vizuri kwa nini watu huzifungua kadi zao: feni za kiwandani hupiga kelele, pesti ya joto inayopakwa kati ya chipu na kipozaji hukauka, na wapo wanaotaka kupoza kwa maji ili kadi idumu katika kasi yake ya juu bila kujipunguza. Nisichokubaliana nacho ni hitimisho lake, kwamba kadi ikikataa kuwaka baada ya kazi hiyo basi chipu yake imeungua, na mwenye nayo hana budi kununua nyingine au kubahatisha kwa kuitia katika oveni. Mimi hutengeneza vifaa vya aina hii, na kadi nyingi zinazoletwa kwangu zikiwa zimekwisha kuandikiwa cheti cha kifo huwa na chipu nzima kabisa.

Chipu ya grafiki ya kisasa haiungui kirahisi kwa joto lake yenyewe. Ina vihisi joto ndani yake, na inapokaribia kikomo ilichowekewa, ambacho kwa chipu nyingi huwa baina ya nyuzi 83 na 110 za Selsiasi kutegemea aina ya chipu na mahali kipimo kinaposomwa, hupunguza kasi na volti bila kuambiwa na mtu. Joto likizidi kupanda, hujizima. Mtu aliyewasha kompyuta kwa dakika chache huku amesahau kuchomeka feni, mara nyingi atakuta kadi yake i hai akishairudishia feni hiyo. Kwa hiyo joto lisiwe mshukiwa wa kwanza, hasa pale kadi ilipokuwa ikifanya kazi asubuhi, ikafunguliwa mchana, na jioni haikuonyesha picha hata mara moja. Kilichobadilika kati ya asubuhi na jioni ni kwamba mikono na bisibisi vimepita juu yake.

Swali ninalomuuliza kila mwenye kadi, kabla hata sijaitazama, ni hili: ilizimika lini? Iligoma pale pale ilipowashwa kwa mara ya kwanza baada ya kufungwa, au iliwaka ikafanya kazi nyepesi kisha ikaanguka mchezo ulipoanza, au ilikaa salama kwa wiki na miezi ndipo ikaharibika? Majibu hayo matatu hutupeleka katika sehemu tatu tofauti za kadi, na makala yenu yaliyachanganya yote katika kapu moja.

Nianze na ile inayogoma pale pale. Kabla ya kushika kipimo chochote, yako mambo madogo ambayo hayahitaji fundi: kadi kutoingia sawasawa katika nafasi yake kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, kwa sababu kipozaji kipya ni kizito au kinagusa kifuniko cha kasha, nyaya za umeme za pini 6 au 8 kusahauliwa bila kuchomekwa, na waya wa skrini kuchomekwa katika tundu la mazabodi badala ya tundu la kadi. Nafasi ya mazabodi peke yake huipa kadi wati 75 tu, na kadi inayotegemea nyaya za ziada haitaamka ipasavyo bila nyaya hizo. Baada ya hapo, kadi itolewe kabisa na kompyuta iwashwe kwa grafiki ya ndani ya prosesa au kwa kadi nyingine. Ikiwa kompyuta bado haiwaki, basi kadi imesingiziwa.

Ikiwa kompyuta inawaka vizuri bila kadi, tabia yake inapokuwa na kadi ina maana kubwa. Kompyuta ambayo feni zake hustuka kidogo na kusimama mara tu kitufe kinapobonyezwa inatuambia kuna shoti, yaani umeme unapita njia ya mkato isiyotakiwa, na pawasaplai inayoilisha kompyuta umeme imejikinga kwa kukata umeme. Kompyuta inayowaka, feni zikazunguka, lakini skrini ikabaki nyeusi, inatuambia jambo jingine: huenda moja ya laini ndogo za umeme za kadi haipo, au njia ya mawasiliano kati ya kadi na mazabodi imekatika. Anayeona dalili ya shoti asiendelee kubonyeza kitufe mara kwa mara akitumaini kwamba safari hii itakubali. Transista inayoshusha volti 12 kuwa volti ndogo ya chipu ikifa kwa shoti, volti hizo 12 zinaweza kupita moja kwa moja hadi kwenye chipu iliyoundwa kwa takriban volti 1, na hapo ndipo chipu iliyokuwa nzima huuawa kweli.

Sasa kadi iwekwe mezani chini ya taa kali, pamoja na lenzi ya kukuzia ikiwapo. Kwenye kadi nyingi chipu yenyewe haina kifuniko cha chuma. Ni kipande cha silikoni kilicho wazi, king'aavu kama kioo, chenye pembe nne ambazo hazivumilii kuegemewa upande mmoja. Anayekaza skrubu moja hadi mwisho kabla ya kugusa nyingine hukibonyeza kipozaji juu ya pembe moja tu, na pembe hiyo huweza kumeguka. Skrubu hukazwa kidogo kidogo kwa kuvuka, ya juu kushoto kisha ya chini kulia, hadi zote zifike pamoja. Kuzunguka chipu hiyo mna kapasita nyingi ambazo baadhi yake zina urefu wa milimita 1 hivi na upana wa nusu yake. Bisibisi ikiteleza, au mtu akichokonoa pesti iliyokauka kwa ncha ya chuma, kapasita moja hung'oka bila hata kusikika. Mahali ilipokuwa hubaki madoa mawili madogo ya lehemu yanayong'aa, na wakati mwingine mkwaruzo mwembamba unaoelekea hapo kutoka alikokuja na bisibisi mwenye nayo. Si kila kapasita iliyopotea huizima kadi, kwa kuwa nyingi hufanya kazi kwa pamoja kutuliza volti ile ile, lakini rezista iliyopotea ni habari nyingine. Mojawapo huweza kuwa ndiyo inayoiambia saketi itoe volti kiasi gani.

Upande wa nyuma nao utazamwe. Vipozaji vya kununua huja na skrubu na vishikizo vya kutoshea kadi za aina nyingi, na hapo hutokea skrubu ndefu kuliko inayotakiwa, au waya wa feni kubanwa kati ya chuma na bodi, au wosha ya chuma kuwekwa mahali palipotakiwa wosha ya plastiki. Bodi ya kadi ina unene wa milimita 1.6 hivi, na ndani ya unene huo mmepangwa matabaka kadhaa ya nyaya za shaba. Ncha ya skrubu ikiminya mahali pasipo pake hukwangua rangi ya juu na kuunganisha nyaya ambazo hazikupaswa kukutana. Niliwahi kuletewa kadi iliyokuwa imetamkwa kufa, na kilichokuwa kikiizima ni bamba la chuma la mgongoni lililorudishwa bila karatasi yake ya plastiki ya kuzuia umeme. Karatasi ilikuwa imebaki katika boksi, mwenyewe akidhani ni ya kufungashia tu.

Macho yakishindwa, multimita, kifaa cha kupimia umeme, iingie kazini, kadi ikiwa nje ya kompyuta na haina umeme. Ncha nyeusi iwekwe kwenye chuma cha mabano ya kadi, nyekundu kwenye pini za volti 12 za soketi ya umeme, kisha kwenye laini za volti 12 na volti 3.3 za sehemu inayoingia kwenye mazabodi. Laini nzima kwa kawaida huonyesha mamia au maelfu ya omu, ambayo ni kipimo cha ukinzani wa umeme. Ikionyesha karibu na sifuri, shoti ipo, na mara nyingi hutoka kwa transista moja au kapasita moja inayoweza kubadilishwa. Ikionyesha ukinzani mkubwa mno, kana kwamba upande wa pili hakuna kitu, huenda kadi ina fyuzi na fyuzi hiyo imekatika. Lakini hapa naomba wasomaji wawe waangalifu, maana ndipo hukumu nyingi za uongo zinapotolewa: laini inayolisha chipu yenyewe huwa na ukinzani mdogo sana hata kadi ikiwa nzima, na kwa chipu kubwa huweza kuwa chini ya omu 1. Mtu anayeweka mita yake katika mlio wa kutafutia shoti akaisikia ikilia kwenye koili kubwa zilizo karibu na chipu, kisha akatangaza kwamba chipu imekufa, amepima kitu cha kawaida na kukiita ugonjwa. Kipimo hicho hulinganishwa na cha kadi nyingine ya aina ile ile, au huachiwa fundi mwenye mita ya kupima omu ndogo.

Kadi inayowaka lakini ikaanguka kazi ikizidi ina kisa kingine, na hapa ndipo kipozaji chenyewe kinapostahili kuulizwa. Chanzo ninachokutana nacho zaidi ni pedi za joto, zile vipande laini vinavyowekwa kati ya kipozaji na chipu za kumbukumbu au transista. Huuzwa kwa unene wa milimita 0.5, 1, 1.5, 2 na kuendelea, na kila kadi ina unene wake uliopangwa kiwandani, wakati mwingine unene tofauti katika sehemu tofauti za kadi moja. Mtu akiweka pedi ya milimita 2 mahali pa milimita 1.5, kipozaji hukaa kama meza yenye mguu mmoja mrefu: kinaegemea kumbukumbu na kuinuka juu ya chipu. Akiweka nyembamba kuliko inavyotakiwa, chipu hupoa vizuri huku kumbukumbu zikichemka bila kuguswa na kitu. Ugumu wa pedi nao una maana, kwa sababu pedi ngumu haibonyei hata kama unene wake ulioandikwa ni sahihi.

Jambo hili halihitaji kukisiwa, kwa kuwa kadi nyingi za miaka ya karibuni hutoa vipimo viwili vya joto la chipu, kimoja cha jumla na kingine cha sehemu yenye joto kali kuliko zote, na programu kama GPU-Z au HWiNFO huvionyesha vyote. Tofauti ya nyuzi 10 hadi 20 kati ya vipimo hivyo ni ya kawaida. Ikifika 30 na kuendelea wakati wa kazi nzito, kipozaji hakigusi chipu sawasawa, hata kama kipimo cha jumla kinapendeza. Si kosa la watu wa nyumbani peke yao. Kadi za AMD za Radeon RX 7900 XTX zilizotoka mwezi Desemba 2022 zilikuwa na baadhi ambazo sehemu hiyo kali ilifika nyuzi 110, na mwanzoni mwa 2023 kampuni hiyo ilieleza kwamba chemba ya mvuke, yaani kikasha bapa chenye maji kidogo ya kusambaza joto, ndani ya vipozaji vya kadi hizo haikuwa na maji ya kutosha. Chipu zilikuwa nzima. Kipozaji ndicho kilichokuwa na kasoro.

Anayekifungua tena kipozaji asikimbilie kufuta. Pesti iliyobaki juu ya chipu ni ushahidi: ikiwa imetandazika nyembamba na sawa kila mahali, mguso ulikuwa mzuri, ikiwa upande mmoja imebaki nene na laini kama ilivyopakwa huku upande wa pili imeminywa hadi silikoni inaonekana, kipozaji kilikaa mshazari. Pedi nazo huzungumza. Iliyoguswa huwa na alama ya mraba ya chipu ya kumbukumbu iliyozama ndani yake, pengine hata maandishi ya chipu yakisomeka kinyume. Isiyoguswa huwa bapa kama ilivyotoka katika pakiti.

Wanaofunga vipozaji vya maji vilivyotengenezwa kwa ajili ya prosesa juu ya kadi za grafiki wana mtego wao. Kifaa hicho hupoza chipu peke yake, na transista za umeme huachwa zitegemee upepo mdogo au zisitegemee chochote. Matokeo yake skrini huwa nyeusi ghafla katikati ya mchezo, na mwenye kadi hushangaa kwa kuwa programu ilimwonyesha nyuzi 50 tu. Kipimo alichokisoma ni cha chipu, ilhali kilichochemka ni kitu kingine, ambacho kwenye kadi nyingi hakionyeshwi popote. Kumbukumbu zikichemka, dalili huwa miraba na mistari ya rangi isiyo na maana katika picha, au Windows kusimamisha kadi na kuonyesha kosa namba 43, ambalo watu hulitafsiri kuwa ni la dreva, yaani programu inayoiendesha kadi, na kushinda siku nzima wakisakinisha upya. Jaribio la haraka la kutenganisha mambo haya ni kutumia programu kama MSI Afterburner kupunguza kikomo cha umeme cha kadi hadi nusu hivi au chini kadiri programu itakavyoruhusu, na kurudisha kasi zote katika hali ya kiwandani. Ikiwa kadi sasa inavumilia kazi ile ile iliyokuwa ikiiangusha, joto ndilo la kuchunguzwa. Ikianguka vile vile ikiwa baridi, tunarudi kwenye bisibisi na kapasita.

Zile zinazokufa baada ya wiki au miezi ni chache zaidi katika kazi yangu, na nyingi chanzo chake ni kemia. Metali ya majimaji, ambayo ni mchanganyiko wa galiamu, indiamu na bati, husafirisha joto kuliko pesti ya kawaida, lakini pia hupitisha umeme, na tone lake likitoka pembeni mwa chipu na kuangukia kapasita zile ndogo, shoti hutokea siku isiyotarajiwa. Galiamu hupenya alumini na kuifanya imeguke kwa vidole, kwa hiyo kipozaji chenye uso wa alumini hakifai nayo kabisa. Shaba hunywa sehemu ya metali hiyo polepole na kuacha sehemu nyingine ikikauka, ila shaba iliyopakwa nikeli huvumilia zaidi. Katika mifumo ya maji, kuchanganya alumini na shaba katika mzunguko mmoja huleta kutu inayoziba mifereji myembamba ya kipozaji. Kadi iliyomwagikiwa maji itolewe umeme mara moja, ioshwe kwa alkoholi ya isopropili isiyo na maji mengi, ya asilimia 99 ikipatikana, na iachwe ikauke kabisa kabla ya kujaribiwa. Mafuta yanayochuruzika kutoka kwenye pedi kwa upande wake hayana hatia: ni mafuta ya silikoni, hayapitishi umeme, na ingawa yanachukiza kuyatazama sijaona kadi iliyouawa nayo.

Nimeiacha oveni mwisho kwa makusudi. Imani hii ilipata nguvu baada ya 2008, mwaka ambao NVIDIA ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za kompyuta mpakato zilizokuwa zikiharibika kutokana na udhaifu wa vifaa vilivyounganisha chipu na kitako chake. Chipu za namna hiyo zilipopashwa moto, nyufa zake ziliweza kugusana tena kwa muda, kadi ikafufuka kwa siku kadhaa, na habari zikaenea. Lakini lehemu isiyo na risasi inayotumika katika vifaa vingi vya leo huyeyuka kwa takriban nyuzi 217, na oveni iliyowekwa nyuzi 200 haiyeyushi lehemu yoyote ya aina hiyo. Inachofanya ni kulainisha soketi za plastiki, kuvimbisha kapasita, na kutoa mvuke usiofaa mahali panapopikiwa chakula. Kadi iliyozimika kwa sababu skrubu ilikuwa ndefu haina ufa wa kuunganishwa; ina skrubu ya kutolewa. Ningeomba, Ndugu Mhariri, aya ile ya oveni isahihishwe katika toleo lenu lijalo.

Mahali pa kuanzia, kwa asiye na mita wala lenzi na ambaye kompyuta yake haionyeshi dalili za shoti, ni kurudisha kipozaji cha zamani pamoja na pedi zake za asili na pesti mpya. Kadi ikifanya kazi hapo, mchawi ni kipozaji kipya au namna kilivyofungwa. Isipofanya kazi, ipelekwe kwa fundi ikiwa na kila kitu kilichotoka na kilichoingia: kipozaji cha zamani, skrubu zote hata zilizobaki, vipande vya pedi vilivyobanduliwa, na karatasi yoyote ya plastiki iliyokuwa ndani. Na aelezwe bila kuficha ni nini kilifanyika na kwa mpangilio upi, kwa kuwa fundi aliyeambiwa "ilizimika yenyewe" ataanza kutafuta mbali na pale bisibisi ilipoteleza, na muda wake ndio utakaolipiwa.

Wako katika kazi,
Fundi wa vifaa vya kompyuta, msomaji wa gazeti lenu